Joto la Bahari

Afisa wa hali ya hewa kutoka Lodwar huongea taratibu, akisugua miwani kwa pindo la shati hata ikiwa safi. Oktoba alifika Kakuma kuwahimiza watu wa kando ya mto mkavu wahame kabla ya mafuriko. Nyaruach, muuza chai, alimcheka.

“Bahari iko Mombasa, mzee. Itanifikia huku?”

“Ikipata joto, mama, mvuke wake unakuja kwetu kuwa mvua. Mwaka huu imepata joto sana.”

“Mwaka jana pia ulisema mvua. Mbuzi wakafa kwa kiu.”

Afisa alisugua miwani. “Nilikosea,” alisema, kisha akainama akashika jiko la Nyaruach. “Shika upande ule.”

Wakalipandisha pamoja mpaka mwinukoni. Maji yalipokuja kukisomba kibanda chake cha chai, Nyaruach alikuwa juu na wanawe, wamelowa chapachapa kwa mvua, wazima wote.