Kipande cha Pili Hakikuwa Kitupu

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, miaka mitatu iliyopita, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, tulipoteza kazi ya miaka ishirini na miwili.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka Waa na cheti cha darasa la saba. Kwenye hori moja, mkono mwembamba wa bahari, kusini ya Msambweni, Mtafiti Mkuu alinipa daftari na rula, akanionyesha vipande vitatu vya matope vilivyozungushiwa kamba, mahali wakata boriti walipokuwa wameimaliza mikoko. Viwili tulivipanda mikandaa, aina moja ya mikoko, kimoja miche ikiwa mbalimbali, kingine ikiwa imesongana. Cha katikati, cha pili, tulikiacha.

"Hapa, Mwanasha, kazi yako ni kutogusa."

"Nilipwe kwa kutogusa?"

"Kwa kutogusa na kuandika. Tukikipanda na hiki, hatutajua kamwe kama msitu umerudi kwa mikono yetu au ungerudi wenyewe."

Hicho ndicho kipande cha kulinganishia. Kila bamvua, maji yakipwa sana, niliingia nikahesabu. Wanawake waliokuja kuokota kuni walinitania, "Shoga, matope yako yameamkaje?"

"Salama. Yanawasalimu."

Miaka minane niliandika sufuri. Mwaka wa tisa uliota mche mmoja, mbegu yake imeletwa na maji. Mtafiti Mkuu, naye keshastaafu, alisafiri kuja kuuona. Alipiga magoti matopeni na suruali yake safi. Baadaye ikaja mingine, mmoja mmoja, nikaijua kama watoto wa jirani. Mtafiti Mkuu alifariki kabla miche haijanifika kiunoni.

Kisha tukaletewa Meneja wa mradi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kazi ionekane. Siku hiyo ya Mei alikuja na wageni waliovaa fulana za rangi moja, na miche ya mikandaa ndani ya mifuko.

"Bi Mwanasha, wageni watapanda wapi?"

Nikamwonyesha ng'ambo ya hori. Akatazama tope la magotini, akatazama viatu vya wageni.

"Na hapa? Pako tupu."

"Hapa huachwa, Bwana Meneja."

"Huachwa na nani?" Wageni wakacheka. "Miaka yote hii, vijiti hivi tu? Leo tutawasaidia."

Nilipaswa kusimama mbele ya kamba. Nilikuwa nimebakisha miezi minne nistaafu. Niliinama nikaifungua kamba kwa mkono wangu, ili wasijikwae. Walipanda kila penye nafasi, wakakanyaga walichokanyaga, wakapigwa picha. Mmoja alinishukuru.

Vijana mnaoingia kazi hii, mtaambiwa kwamba adui wa utafiti ni shoka. Mimi shoka nililiona likifukuzwa. Watu wema waliokuja na miche sikuwafukuza.

Bamvua ya mwisho kabla sijakabidhi rula niliingia kipande cha pili. Miche mingi ilikuwa imekauka imesimama. Karibu na kigingi cha kona nikaona mkandaa mmoja mchanga, hai, una majani manne. Niliuchuchumalia kwa muda mrefu. Sikuweza kujua kama uliletwa na maji au uliletwa na mfuko.

Nikaandika tarehe. Mahali pa idadi nikapaacha wazi.