Mtafiti Anayemsikiliza Mama

Mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza jinsi simu zilivyobadilisha familia huja kwa mama yangu kila Alhamisi. Nami bintiye siku hizi huomba ruhusa kazini nije siku hiyohiyo, eti kusaidia kupika chai. Akifika huizima simu yake, huitia mkobani, kisha hukaa kwenye kigoda, chini kidogo ya mama. Vidole vyake virefu vina madoa ya wino. Sauti yake ndogo, na neno lake kubwa ni "Enhe?" Akishalisema hunyamaza mpaka mama aendelee mwenyewe. Husuda ni mbaya, najua, lakini kimya kile nakionea wivu.

Alhamisi iliyopita, nikiwa jikoni, nilimsikia mama akisema, "Binti yangu hunipigia kila siku. Ila nasikia anavyobofya kompyuta huku ananiitikia. Basi namwambia niko salama, nakata."

"Na usipokuwa salama, mama?"

"Namwambia vilevile."

Nilichungulia. Mtafiti alikuwa ameacha kuandika. Alizima kinasa sauti, akaushika mkono wa mama, wakakaa hivyo. Sikumbuki ni lini mimi niliushika mkono ule. Nilipoingia na sinia, wakaachana.

Mama, pamoja na mguu wake mbovu, alimsindikiza mpaka getini. "Karibu tena, mwanangu," alimwambia. Aliporudi nikamwuliza walikuwa wakizungumza nini.

"Ah, mambo ya simu tu," akajibu. "Wewe je, habari za kazi?"