Koti Ambalo Halikufuliwa

Kila Jumamosi kaka yangu alikuwa mwizi. Ndivyo tulivyomwita mtu anayevaa koti nene la gunia na kukubali kuumwa, ili mbwa ajifunze kushika na kuachia kwa amri. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa mtaa wa Nguba, mfugaji wa mbwa, kando ya ziwa. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Ofisini walinicheka, eti mwanamke mwenye diploma anapiga kelele "Attaque!" kwa Kifaransa kizuri kuliko cha ripoti zake. Wacheke. Nilikuwa na furaha siku zile.

Mbwa alikuwa wa mzee, lakini alilelewa kwetu tangu akiwa wa kubebwa mkononi, na kaka ndiye aliyelala naye jikoni alipolilia mama yake. Patano lilikuwa moja: akifaulu mtihani wa mbwa wa ulinzi, anabaki kwetu. Akishindwa, anateremshwa Sange kulinda ghala la mchele la shemeji wa mzee huyo. Sange, na joto lile, na manyoya yale!

Kisha kaka akaanguka na pikipiki pale Nyawera, mvua ikinyesha, akafa kabla ya kufika hospitali. Sina maneno mazuri ya kusema juu ya hilo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kilio kilipokaribia kwisha, shangazi zangu walifua nguo zake zote ili zigawanywe kwa ndugu, kama tunavyofanya. Mmoja akalichukua koti la gunia akitaka kuliloweka. Nikamnyang'anya.

"Hii hapana, shangazi. Hatufulaki koti ya imbwa."

Na ni kweli. Sabuni inaharibu gunia, tena mbwa akinusa sabuni hashiki vizuri. Mjini hatukuwa na koti lingine, kwa hiyo siku ya mtihani mwizi mpya, jirani wa mzee, alivaa hilohilo. Sisi tuliokuwa tukijigamba kwamba tunaijua pua ya mbwa, hakuna hata mmoja aliyeikumbuka.

Mwizi mpya akatokea nyuma ya kibanda, akitikisa fimbo. Nikaamuru. Mbwa akaondoka alivyofundishwa, mwili chini, masikio nyuma, nikasema moyoni, huyu anabaki. Karibu na kumfikia akapunguza mbio. Akanusa mkono wa koti, akapanda mpaka kwapani, akaingiza pua humo, na mkia ukaanza kucheza. Halafu akatazama juu, akaona uso. Akarudi kunusa. Akatazama tena. Ndipo akalia, ile sauti nyembamba aliyokuwa akilia mlangoni kaka alipochelewa kurudi.

"Imbwa yako inaogopa, maman," jaji akasema.

"Haiogope, papa. Iko inatafuta mwenye koti."

Sheria inaruhusu amri ya pili. Niliitoa kwa nguvu zangu zote. Mbwa akaushika mkono wa koti taratibu, kwa meno ya mbele, akauvuta kuelekea benchi ambako kaka alizoea kukaa kuvua viatu baada ya mazoezi. Mwizi mpya akamfuata akijikwaa. Hakuna aliyecheka. Jaji akatikisa kichwa, akatuonyesha geti.

Mzee alinipa pole, na ilitoka moyoni, lakini patano ni patano. Gari likamchukua mbwa alasiri ileile. Alipanda bila ubishi kwa sababu mimi nilimwambia apande.

Nikalibeba koti nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa mlangoni.

"Imbwa iko wapi?"

Nikamnyoshea koti. Alilitazama, akauliza kama sasa tulifue. Nikakataa. Nikaenda kukaa kwenye kitanda cha kaka, nikaingiza pua kwapani, palepale mbwa alipoingiza yake, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nilimtafuta kaka sana. Nilisikia harufu ya mbwa tu.