Nimekosa Nini Hata Nipigwe?

Siku ya kwanza kazini, mjini Kasulu, bosi wangu mwenye studio ya picha alinisukuma kwenye chumba cha giza, akatumbukiza karatasi nyeupe kwenye sinia la dawa. Chini ya taa nyekundu sura ya mtu ikaibuka. Nilipiga kelele! Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini palepale nikajua shule yangu nimeipata. Nyie wa simu hamjui utamu huo.

Alipofungua studio nyingine Kibondo akanihamishia huko. Yeye alipenda watu wasimame kama nguzo mbele ya pazia. Mimi nilitaka kipupwe chetu: ukungu, watu wanaota moto, mvuke ukiwatoka midomoni.

"Nani atanunua mvuke?" alinikejeli.

Julai moja akaja Zebeda wa kijiji cha Murungu. Kesho yake mchana alikuwa anapanda basi kwenda Mtwara na mumewe, mwalimu aliyehamishwa, na hakuwa na picha ya mama yake. Mama mwenyewe studio hataki hata kuisikia.

Alfajiri nikapanda baiskeli kwenda Murungu. Kwenye filamu ilibaki picha moja tu. Nilimkuta mama uani, anaota moto.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa Kiha. "Nimekuja kukupiga picha."

"Kunipiga? Nimekosa nini hata nipigwe?"

Jua lilikuwa nyuma yake. Mvuke wa maneno hayo ukang'aa kama pamba. Nikabonyeza!

Nikarudi mbio studio. Filamu ilitoka safi. Shida karatasi. Dawa ya kutolea picha ikipoa inalala, na siku ile ilikuwa baridi kweli. Picha ikatoka kijivu, mama hana hata pua. Karatasi imebaki moja.

"Kaka, basi linapiga honi!" Zebeda akalia mlangoni.

Nikakimbia kwa mama ntilie jirani, nikamnyang'anya sufuria la maji ya moto, nikayamwaga kwenye beseni na kuketisha sinia la dawa humo.

"Utaharibu dawa!" bosi, aliyekuja siku hiyo kukagua kazi, akafoka.

"Shikilia mlango, mzee, mwanga usiingie!"

Nikatumbukiza karatasi ya mwisho. Juu yake ukatokea moto. Ukatokea mvuke. Halafu mama, mdomo wazi, mkali vilevile! Nikaipitisha kwenye dawa ya kugandisha picha, nikaisuuza, nikamwambia Zebeda maneno ya mama, akaondoka nayo inachuruzika maji. Bosi akakohoa. "Kesho," akasema, "toa kamera nje, ukapige huo mvuke wako."

Sasa nimestaafu, chumba cha giza nafugia kuku. Juzi Zebeda alikuja kunisalimia na binti yake, picha mkononi.

"Bibi alikuwa anasema nini hapa?" binti akauliza.

Tukajibu kwa pamoja, sisi wazee wawili, tukicheka: "Nimekosa nini hata nipigwe?"