Presha Yangu na Bima Yetu

Ghala ninalofanyia kazi hapa Houston lilitangaza kwamba mfanyakazi mwenye presha atalipia bima ya afya zaidi ya wenzake. Niliogopa, maana dawa za sukari za mke wangu hutoka kwenye bima hiyo, na nyongeza ile ingetushinda. Nikaliacha kochi langu, nikaanza kutembea ili presha ishuke. Kila jioni jirani mmoja Mrundi alinisimamishia gari: "Kaka, gari limekufa? Panda." Nilipanda, nisije nikamvunjia heshima.

"Leo umefanyia mazoezi kwenye kiti cha mbele au cha nyuma?" mke wangu aliniuliza.

Kabla hatujapimwa presha kazini, wafanyakazi walilalamika sana na mpango ukafutwa. Nilirudi kochini nikashusha pumzi. Mke wangu akameza kidonge chake, akaja kuketi.

"Sogea, mgonjwa wa bei ya kawaida."