Sanduku la Mawe Sita

Nina pedali kumi na moja nyumbani kwangu Kitengela. Pedali ni vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gita hukanyaga kwa mguu ili sauti ibadilike, na kila moja niliinunua nikiapa kwamba ndiyo ya mwisho. Mume wangu ameacha kuuliza, anazikwepa tu pale sebuleni na kwenda zake. Zote nilizitafuta kwa sababu ya mtu mmoja na kaseti yake moja. Sitaki kuonewa huruma, nilijitakia mwenyewe.

Baba alihamia huku kutoka Murang'a kabla sijazaliwa, akafungua kibanda cha kutengeneza redio ambacho sasa ni changu. Ile kaseti haikuondoka pale kaunta. Mpigaji wake alikuwa mtu wa Kajiado, maarufu kutoka Namanga mpaka Kimuka kwa nyimbo za injili za Kimaasai. Sikuelewa neno hata moja la alichoimba, lakini gita lake nililielewa. Noti ilianza kwa kusita, kama mgeni aliye mlangoni asiyejua kama amekaribishwa, halafu ikafunguka, ikakwaruza kidogo, ikafa kabla hujashiba. Katika wimbo wa mwisho wa upande wa pili, kule kusita kulizidi na noti zilikufa mapema zaidi. Nikiwa na miaka tisa nililia pale kaunta kwa ajili ya huo wimbo, hata mteja mmoja akamuuliza baba kama nimechapwa.

Nilipokua nikawa fundi, na Jumapili nikawa mpiga gita kanisani kwetu. Fundi haamini miujiza ya sauti. Sauti ikiwepo, kuna kitu kinachoitoa, na hicho kitu kina waya mbili na kinaweza kufunguliwa kwa bisibisi. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo niliuliza kila mtu. Mpiga ngoma mmoja wa Mashuuru, aliyewahi kufuatana na yule mzee wa kaseti kwenye mikutano, aliniapia kwamba siri ni pedali ya kijivu ya kukwaruza. Wakala mmoja wa forodha pale Namanga akanitafutia ya aina hiyo hiyo. Nikaichomeka, nikakanyaga, sikupata kitu. Wengine wakasema ni ya buluu, ile ya mwangwi. Nikainunua hiyo pia, na nyingine, na nyingine. Hakuna iliyosita mlangoni.

Mwaka jana mke wa mzee alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba Kitengela kuna mama fundi anayejaribu kupiga kama mume wake, na hilo neno kujaribu lilinichoma, ingawa lilikuwa kweli. Mzee alikuwa amepata kiharusi na mkono wa kulia ukalala. Kanisa lao lilikuwa linamwandalia ibada ya shukrani baada ya wiki tatu, na yeye ameomba jambo moja tu: gita lake mwenyewe lisikike siku hiyo, naye akiwa ameketi anasikiliza. Je, ningeweza kulitengeneza na kulipiga? Nilikubali kabla hajamaliza.

Nikaenda nyumbani kwao, mbele kidogo ya Kajiado mjini. Mzee alikuwa nje kwenye kiti. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitikia, nikainamisha kichwa, naye akakigusa kwa mkono wa kushoto. Mkewe, ambaye kila mtu pale humwita Yeyo, yaani mama, akaleta mzigo uliofungwa kwa shuka. Ndani mlikuwa na gita jekundu, pedali ya kijivu, pedali ya buluu, na kisanduku cha mbao chenye mawe sita ya redio, yaani betri, yaliyounganishwa kwa waya ili kuzipa pedali umeme. Nikafungua ile ya kijivu hapo hapo. Ilikuwa sawasawa na yangu. Namba, rangi za waya, kila kitu. Niliifunga nikijihisi mjinga, wala sikujua kwa nini.

Sasa, kitu cha mzee ukipewa ukitengeneze, hukirudishi kikiwa kichafu. Sisi hatukulelewa hivyo. Nilipofika Kitengela nikalifuta gita mpaka likang'aa, nikaweka nyuzi mpya, nikasugua kutu kwenye swichi zote. Yale mawe sita yalikuwa yamevimba na kuvuja maji meupe, nikayatupa. Mahali pake nikaunga adapta ya stima ya ukutani. Kisha nikaketi na kupiga wimbo wa mwisho wa upande wa pili.

Ilitoka sauti safi, ya kawaida, ambayo mtu yeyote angeweza kuitoa.

Kwa wiki mbili nilichanganyikiwa kabisa. Nilibadilisha waya, nikabadilisha spika, nikarudisha nyuzi za zamani kutoka kwenye pipa la takataka na kuzifunga upya na kutu yake. Nilimkaripia mteja aliyeniletea spika ya woofer yenye sauti mbaya, nikamuuliza yeye anajua nini kuhusu sauti mbaya. Usiku mume wangu alinikuta nimeshika kitambaa nilichofutia gita, nakikagua. Niliogopa, na nilijua ninachoogopa. Watu watakuja kutoka kote kusikiliza ile sauti, mzee hawezi tena kuitoa kwa mkono wake, na mimi niliyeipenda tangu utotoni nimeiosha ikaisha.

Jumatano kabla ya ibada nikarudi Kajiado kukiri. Yeyo alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa. Nikamweleza yote, nyuzi, kutu, kitambaa. Alinisikiliza bila kusimamisha kazi, halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na mawe yangu iko wapi?"

"Nilitupa, Yeyo. Zilikuwa zimevuja."

"Zote?"

"Zote sita."

Akaweka kibuyu chini, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akanieleza utaratibu wa nyumba yake. Jiwe jipya huanza kwenye redio, kwa sababu habari na mahubiri hayangoji. Likichoka kwa redio linaenda kwenye tochi. Tochi ikififia, linapanda juu ya mabati ya jikoni, linaanikwa juani kutwa nzima na kugeuzwa ili lipate joto pande zote, na hapo linapata nguvu kidogo tena. Ndipo linaingia kwenye gita. Miaka yote ya mikutano na harusi, kila Jumamosi, ni yeye aliyekuwa anaanika. Ibada ikianza mawe yalikuwa na joto, ikifika mwisho yalikuwa yanakata roho.

Nilisimama pale na bisibisi yangu mfukoni, mimi fundi wa miaka ishirini. Redio zote nilizofungua, na sikuwahi kufikiri kwamba pedali yenye njaa haitoi sauti sawa na pedali iliyoshiba. Upande wa pili wa kaseti ulikuwa mawe yanayoisha, basi. Utotoni nililia kwa sababu ya mawe.

Yeyo akatoa mawe ya tochi mbili, akaongeza mengine aliyokuwa amehifadhi kwenye mkebe, akayapanga juu ya mabati. Tulikunywa chai tukingoja. Jua lilipofika kichwani tukayashusha yakiwa moto, nikayapanga kwenye kisanduku, nikachomeka kila kitu kwenye spika ndogo niliyokuja nayo. Nikapiga noti moja.

Ilisita, ikafunguka, ikakwaruza, ikafa kabla sijashiba.

Sioni haya kusema kwamba nililia tena. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua. Yeyo alikuwa anatikisa kichwa taratibu akitabasamu. Ndipo mzee akaita kutoka kwenye kiti chake. Tulimsogelea, mimi bado na gita begani, nikidhani atanibariki.

"Nakerai," akasema, na hapo alikuwa ananiita mtoto wake. "Hayo mawe imekufa. Weka mpya."

Nikamwambia kwa heshima kwamba hiyo ndiyo sauti yake, ile ya kwenye kaseti.

"Hiyo ilikuwa shida yangu," akasema. "Si sauti yangu."

Alizungumza polepole, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimegusa mdomo pia. Siku waliyorekodi ilikuwa Jumapili, na maduka ya karibu na studio yalikuwa yamefungwa. Aliomba watu wa studio wamngoje mpaka kesho yake apate mawe mapya, wakakataa. Kufika wimbo wa mwisho alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote na sauti haitoki. Alirudi nyumbani na aibu. Kaseti ilipoanza kuchezwa kila mahali na watu kumsifu, alidhani wanamfariji, jinsi unavyomfariji mtu aliyepatwa na jambo. Hajawahi kuisikiliza mpaka mwisho.

"Hawajawahi kusikia mimi nikipiga," akasema. "Jumapili nataka wasikie. Mara moja tu."

Yeyo hakuwa anatabasamu tena. "Na mbona hukuniambia?" akamuuliza.

"Ningekuambia, ungeacha kuanika. Halafu tungepiga na nini?"

Yeyo akageuka, akasema anaenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa mbele yetu, na hawakuwa na shida yoyote.

Nilirudi Kitengela nimevurugika kuliko nilivyokwenda. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Miaka thelathini nimependa sauti ambayo mwenyewe anaionea haya. Kama si yake, ni ya nani? Ya tochi? Ya Yeyo na mabati yake? Na hao watu wanaokuja Jumapili, nao wamependa nini muda huu wote? Nikimpa mzee anachotaka, nitawanyima wao. Nikiwapa wao, nitamrudishia aibu yake mbele ya kanisa zima, siku ya shukrani yake. Mume wangu akasema mambo ni rahisi, gita ni la mzee, pigia mzee. Nikamwambia haelewi. Akasema hata mimi sielewi, ila yeye angalau hapigi kelele.

Jumapili kanisa la mabati lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Wazee wa Mashuuru walikuwepo, na kina mama wauza shanga wa Namanga, na vijana ambao walikuwa wamesikia kaseti kwa simu za baba zao. Kwenye mkoba nilikuwa na mawe sita mapya, bado kwenye karatasi yake. Mlangoni Yeyo akanipa leso iliyofungwa fundo. Niliposhika nikajua ni mawe, bado yalikuwa na joto.

"Nimeanika tu," akasema. "Utajua mwenyewe."

Sikujua. Nilipiga magoti nyuma ya spika, mawe mapya mkono mmoja, leso mkono mwingine, na mchungaji alikuwa ameshaanza kutaja jina la mzee. Nikachungulia. Mzee alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti, fimbo imelala mapajani, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa tayari vimeshika ile fimbo mahali ambapo shingo ya gita ingekuwa. Nikaweka mapya.

Noti ya kwanza ilitoka imenyooka. Haikusita popote. Niliona mikono iliyokuwa imeinuliwa kupiga makofi ikishuka. Nikaendelea. Mama mmoja wa kwaya aliinama akaniuliza kwa kunong'ona kama mashine imeharibika, nikatikisa kichwa. Wazee wawili wakatazamana. Kijana mmoja dirishani alizima simu aliyokuwa anarekodia. Nilipiga nyimbo tatu, na nasema wazi, nilichukia kila noti. Lakini kwenye ule wimbo wa mwisho wa upande wa pili, mahali ambapo kwenye kaseti sauti inazama, nilisikia kwa mara ya kwanza noti zilizokuwa zimefichwa pale. Zilikuwa nyingi, za haraka, zinapandana bila kugusana, na vidole vyangu vilikuwa havizitoshi. Kumbe alikuwa mpigaji mkubwa kuliko nilivyojua. Vidole vyake kwenye fimbo havikukosa hata moja.

Makofi yalikuwa ya heshima. Watu walitoka kwenda kula nyama wakizungumza chinichini, na nilisikia vizuri walichokuwa wanasema: kwamba mama wa Kitengela amejitahidi, lakini hiyo si sauti ya mzee.

Nikaenda kumuaga mzee. Nikainamisha kichwa, na mkono wake ukakaa pale muda mrefu. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Sasa wamesikia," akasema.

Nyuma yangu, kwenye foleni ya nyama, wanaume wawili walikuwa wanaimba kwa midomo ule wimbo, na walikuwa wanauimba kwa kusita, jinsi ulivyo kwenye kaseti.

"Wamesikia, mzee," nikamjibu.

Yeyo alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba ile leso. Nilidhani ataipeleka nyumbani kwa ajili ya tochi. Akafungua mkoba wangu, akaiweka chini kabisa, chini ya nyaya, akafunga zipu.

"Enda na hizo Kitengela," akasema. "Ukitaka uanike kwako. Hapa usianike tena, mzee asione."