Shamba Lililokaguliwa kwa Simu

Mnara mpya wa simu ulipowashwa juu ya kilima cha kijiji chetu cha Murungu, bwana shamba alikuja kutuaga. Hakusema anaaga. Alisema kilimo sasa kiko kiganjani, mtandao una kasi, atatuhudumia kwa video akiwa ofisini kwake Kibondo mjini. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Kasulu na simu kubwa, nikajiona mtu.

Jambo la mama yangu lilikuwa mbegu. Kwetu, majirani hawauziani vipando vya muhogo, vile vijiti vya kupandia; hupeana bure. Aliyekosa huenda kwa mwenye shamba zuri, na kwa miaka mingi huyo alikuwa mama. Hakujua kusoma wala hakuwa mwenyekiti wa chochote, lakini mvua zikikaribia watu walibisha hodi kwake. Heshima yake yote ilikuwa hapo. Kabla ya kumkatia mtu vipando, alikuwa anang'oa shina moja, anaupasua muhogo kwa kisu na kutazama ndani.

Mwaka ule nikamzuia, nikampigia bwana shamba. Picha ilikuja safi sana, hata kikombe chake cha chai nilikiona.

"Nionyeshe majani ya juu," akasema, akitafuna.

Nikazungusha simu shambani.

"Safi kabisa. Mama, wewe gawa tu. Hayo ya kung'oang'oa ni mambo ya zamani, mnaharibu chakula."

"Ndani hajaona," mama akaniambia, kisu mkononi.

"Mama, huyu amesomea."

Nilisema kwa ile sauti yetu sisi tuliokaa mjini, tunapotaka wazazi wanyamaze. Akakiweka kisu chini. Kaya tano zikabeba vipando vyetu.

Miezi miwili baadaye tukaanza kuvuna shamba letu lilelile. Muhogo wa kwanza ulikuwa na michirizi ya kahawia ndani, mkavu, haufai hata kwa nguruwe. Wa pili vilevile. Nikampigia tena yule mtaalamu wa chai. Akanijibu bila haya kwamba ugonjwa huo hujificha kwenye mizizi, kila mkulima anajua. Kisha akaniomba nimtumie picha.

Mama alizunguka nyumba zote tano kwa miguu. Aliomba radhi, akang'oa miche pamoja na wenye mashamba, akaichoma. Mimi nilibeba kiberiti. Bwana shamba yeye hakutoka ofisini. Kwenye kundi la wakulima la simu, picha aliyoinasa siku ile ya ukaguzi ipo mpaka leo, na juu yake ameandika "mfano wa kuigwa". Pembeni kinaonekana kidole changu.

Sasa tunaambiwa mtandao utaongezwa kasi zaidi, kilimo kitabadilika. Sawa. Labda safari hii tutauona na mvuke wa chai.

Msimu huu mama alikwenda mwenyewe Kagerankanda kwa dada yake, akapasua muhogo wa kule, akauona mweupe, akarudi na mzigo wa vipando. Alivifunga mafungu matano, akayaegemeza ukutani, upande wa njia. Majirani wanapita, wanamwamkia vizuri tu, kisha wanaendelea na safari kwenda kuomba mbegu kwa watu wengine.

Mafungu bado yako pale ukutani. Yameanza kuchipua.